Kutazama sanaa ya Warega Bukavu, kando ya Ziwa Kivu

Anayekuja Bukavu kuona sanaa ya Warega, watu wa misitu ya mashariki mwa Kongo, asipange kumaliza vitrini (makabati ya kioo) zote kwa saa moja. Ukifika Musée du Kivu, makumbusho yanayosimamiwa na Wamisionari Waxaveri, chagua vitu vitatu au vinne tu, kila kimoja ukipe dakika kumi. Vitu hivi ni vidogo. Barakoa ya lukwakongo mara nyingi haipiti urefu wa kiganja na vidole vyake. Ukiitazama kutoka juu, umesimama, kioo kikikurudishia sura yako mwenyewe, utatoka hapo ukidhani umeona kipande cha mti chenye macho mawili.

Barakoa hiyo haikuchongwa ili ifunike uso. Ni mali ya Bwami, chama cha Warega chenye ngazi, ambacho mtu alipanda kwa mafunzo, kwa mwenendo na kwa mali ya ndugu zake. Lukwakongo ya mti ilikuwa ya watu wa ngazi ya yananio; lukungu, ya pembe ya ndovu, ilikuwa ya kindi, ngazi ya juu kabisa. Katika sherehe ilishikwa mkononi, ikafungwa kwenye paji la uso au mkononi, ikatundikwa kwenye uzio, hata ikaburutwa chini kwa ndevu zake. Kila mkao ulikuwa na methali na wimbo wake. Kwa hiyo swali la kumuuliza muongozaji si «hii inamaanisha nini?» Muulize ilishikwaje, na nani, na methali gani ilisemwa wakati huo. Kitu kimoja kinaweza kubeba methali nyingi, na jibu la neno moja karibu kila mara limepunguzwa mno.

Sasa piga goti mpaka macho yako yawe sawa na macho ya barakoa. Omba tochi imulikwe kutoka pembeni, chini chini, isitoke mbele. Mwanga wa pembeni unaamsha alama za kisu na unaonyesha udongo mweupe uliobaki kwenye uso ulioingia ndani kama umbo la moyo. Angalia matundu ya ukingoni, mahali nyuzi za ndevu zilipofungwa: kwa barakoa iliyotumika kweli, kamba imelainisha mdomo wa tundu, na mashavu yanang'aa kuliko mashimo ya macho, kwa sababu vidole na mafuta hufika penye mwinuko. Tundu likiwa na makali na rangi ikiwa sawasawa kila mahali, mpaka ndani ya mikwaruzo, inawezekana sana ilichongwa kwa ajili ya mnunuzi. Omba kuona mgongo pia. Wachongaji wa barakoa za kuuza huhangaikia uso na kuusahau mgongo.

Ule weupe usitake ufutwe. Udongo mweupe hukaa kwenye mifereji, mkavu na tulivu. Ukungu wa kuvu huja kwa madoa ya mviringo yenye manyoya mepesi, nao huvamia hata sehemu zilizoinuka. Ukiona madoa hayo, au unga mpya wa rangi ya mti chini ya kitu (kazi ya bungua, mdudu anayetoboa mti), mwambie mhifadhi siku hiyohiyo.

Hapa ndipo ziwa linapoingia. Nyumba za zamani za La Botte na Muhumba, mitaa ya Bukavu iliyo kando ya maji, za miaka ya 1930 hadi 1950, wakati mji huu ulipoitwa Costermansville kabla ya 1954, zinapendeza sana kwa pembe zao za mviringo na balkoni zinazoelekea maji. Wengi hutamani sanaa yote ihamishiwe humo. Mimi naona vyumba vya upande wa ziwa viwekewe mawe na vyungu. Maji hurudisha mwanga mpaka kwenye dari, na unyevu hupanda na kushuka kila siku. Ukivuka asilimia 65 na kukaa hapo, ukungu hupata nafasi. Pembe ya ndovu hunyonya unyevu na kukauka kwa mwendo usio sawa, ndiyo maana hupasuka kufuata nyuzi zake, hasa ikiwekwa karibu na taa ya moto. Chumba cha nyuma, chenye pazia na hewa tulivu, ndicho kinachozifaa. Kwa vitu vya raffia na nguo, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Mikono ibaki mfukoni hata vitrini ikiwa wazi: jasho lina chumvi, na mng'ao ule uliwekwa na wenye Bwami, tusiuongezee wetu. Kwa picha, zima flashi, vaa nguo nyeusi ili kioo kisirudishe sura yako, kisha gusisha simu kwenye kioo kabisa.

Muulize pia muongozaji kitu kilitoka wilaya gani, Mwenga, Shabunda au Pangi, na kijiji gani humo. Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilipiga Bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vingi viko mbali, vingine katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Kilichobaki huku bila jina la kijiji kimepoteza nusu ya habari yake, na wazee wanaoweza kuirudisha wanapungua. Ukija na babu au shangazi anayejua methali, omba maneno yake yaandikwe kwenye kadi ya kitu hicho, pamoja na tarehe.

Na nje, mtu akikuonyesha kisanamu cha pembe kwenye mfuko, usinunue. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu imefungwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mpakani Ruzizi, ukivuka kwenda Rwanda, unaweza kunyang'anywa.