Fasihi ya Wamarekani Weusi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Ilianzia Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, miaka ya 1920.
Harlem iliing'arisha, haikuizaa. Phillis Wheatley aliuzwa Boston mwaka 1761 akiwa mtoto wa miaka kama saba, akapewa jina la meli iliyomleta kutoka Afrika Magharibi. Diwani yake ilichapishwa London mwaka 1773, na ndani yake ikatiwa hati yenye saini za wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, wakithibitisha kwamba mashairi ni yake kweli. Mwanafunzi aisome hati hiyo kabla ya shairi la kwanza.

Dhana: Masimulizi ya watumwa ni ushahidi wa historia tu, hayana ufundi.
Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hata walimu huifundisha. Harriet Jacobs alijificha karibu miaka saba katika dari finyu la nyumba ya bibi yake mzaa mama huko Edenton, North Carolina, mahali ambapo hakuweza hata kusimama wima. Tawasifu yake ya 1861 aliitoa kwa jina la kubuni, Linda Brent. Alijua wasomaji wake ni wanawake Wazungu wa Kaskazini waliozoea riwaya za mapenzi, basi akazichukua mbinu za riwaya hizo na kuwasimulia yale ambayo riwaya hizo hazikuthubutu kuyataja: bwana anayemwandama kijakazi wake usiku na mchana. Kazi ilimkaa vizuri mno, hata wataalamu wakaiita hadithi ya kubuni, na wengine wakadai mwandishi ni mhariri wake Mzungu, Lydia Maria Child. Ni katika miaka ya 1980 ndipo mtafiti Jean Fagan Yellin alipothibitisha, kwa barua za Jacobs mwenyewe, kwamba kalamu ilikuwa yake.

Dhana: Wahusika wa mwandishi wa riwaya Zora Neale Hurston wanaongea Kiingereza kibovu.
Ni lahaja, ina kanuni zake. Anayemsoma Muyaka hasemi Kimvita ni Kiswahili kibovu.

Dhana: Yote yaliandikwa kwa Kiingereza.
Omar ibn Said, msomi kutoka Futa Toro katika Senegal ya leo, aliandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, akiwa mtumwa North Carolina. Alifungua kwa Sura ya Tabaraka, ambayo wengi waliopita madrasa za pwani yetu wameihifadhi. Mtu anayemilikiwa na mtu, na neno lake la mwanzo linamtaja Yule ambaye ufalme wote umo mkononi mwake.