Neno "sindano" lilivyotuangusha

Mimi ni mfamasia, ila kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu kubwa ni kuandika vipeperushi na mabango ya afya. Wengi hudhani nachukua karatasi ya Kizungu na kuigeuza Kiswahili, basi. Ngoja nieleze kwa dawa moja tu: artesuneti ya sindano, inayotibu malaria kali.

Aliyewahi kulazwa kwa malaria kali enzi za kwinini, dawa iliyotumika kabla yake, haisahau. Dripu ya saa nne, inarudiwa kila baada ya saa nane, masikio yanavuma kama umeweka nyuki kichwani, na nesi anakuja kupima sukari kwa sababu dawa yenyewe huishusha. Mwaka 2005 utafiti uliofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar, wenye wagonjwa 1,461, ulionyesha kwamba waliopewa artesuneti walifariki 15 kwa kila mia, na wa kwinini 22. Habari njema, lakini wengi wao walikuwa watu wazima. Kwetu malaria huua watoto wadogo, na mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo.

Ndipo ukaja utafiti ulioitwa AQUAMAT, uliolinganisha dawa hizo mbili kwa watoto: nchi 9 za Afrika, watoto 5,425, wakiwamo wa Muheza na Korogwe mkoani Tanga, na wa Kilifi kule Kenya. Nani apate dawa ipi iliamuliwa kwa bahati nasibu. Hapo watu huniuliza, "Mnachezea watoto kamari?" Swali la haki kabisa. Lakini daktari akiachiwa achague, dawa mpya atampa aliye taabani zaidi, au yule anayedhani bado ana nafasi ya kupona, na mwisho hutajua kama kilichofanya kazi ni dawa au ni uchaguzi wake.

Matokeo yalitoka 2010. Kati ya watoto 2,712 wa artesuneti walifariki 230; kati ya 2,713 wa kwinini walifariki 297. Wapitiaji wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote za swali moja na kuzipima pamoja, nao waliona jambo hilohilo. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaelekeza artesuneti itumike kwa watoto pia, na miongozo ya nchi mbalimbali ikafuata.

Rasimu yangu ya kwanza iliandika: "Artesuneti hupunguza vifo kwa asilimia 22.5." Hesabu ni sahihi, ukilinganisha na kwinini. Nikampa mama mmoja asome, akanirudishia karatasi. "Kumbe inaponya ishirini na mbili tu kati ya mia? Si bora ile ya zamani?" Sikuwa na la kujitetea. Siku hizi naandika hivi: kati ya watoto 1,000 wenye malaria kali, wakipewa kwinini hufariki kama 109, wakipewa artesuneti hufariki kama 85. Inaonekana ni tofauti ndogo mpaka ufikirie wale 24 wana mama zao.

Kwa wahudumu tulitengeneza bango la peke yake, maana dawa huja kama unga kwenye kichupa. Kichupa cha miligramu 60 unakichanganya kwa mililita 1 ya bikaboneti, kimiminika cha kuyeyushia, unatikisa mpaka kiwe angavu, kisha unaongeza maji ya chumvi ya hospitali: mililita 5 ukichoma kwenye mshipa, mililita 2 ukichoma kwenye msuli. Hilo halikuleta maneno.

Maneno yaliletwa na bango la wazazi. Tulilipeleka kijijini kulijaribu kabla ya kuchapa. Bibi mmoja alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, mtoto wa degedege hachomwi sindano. Ukimchoma umemmaliza." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kijana niliyekuwa naye alitaka kuandika "imani potofu" kwenye daftari lake, nikamzuia. Bibi yule alikuwa anasema alichokiona: mtoto anahangaikiwa nyumbani siku mbili, anafikishwa hospitali akiwa mahututi, anachomwa sindano, anakufa. Kitu cha mwisho walichokiona ni sindano.

Tukaandika upya, tukianza na anachokiona mzazi. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituoni hapohapo, kwani huenda ni malaria kali. Sindano ya malaria ikiwahi, inamsaidia. Siku zikipita nyumbani, ugonjwa unamtangulia. Bibi akasema, "Sasa mmeongea."

Baadaye tulilirekebisha tena. Wazazi wakiona mtoto ameanza kucheza walikuwa wanaacha dawa mseto anayopaswa kumeza na kumaliza baada ya sindano. Pia ilijulikana kwamba baadhi ya wagonjwa hupungukiwa damu wiki moja au zaidi baada ya artesuneti, kwa hiyo tukaongeza: akipauka au mkojo ukiwa mweusi, mrudishe. Chini kabisa tukaweka mwezi na mwaka lilipopitiwa.

Juzi nilipita zahanati moja nikakuta bango la zamani bado ukutani. Nikalibandua, nikabandika jipya. Nesi akaniomba nisilitupe: upande wa nyuma ni mweupe, ataandikia ratiba ya kliniki.