Kikomo cha mzigo si mahali pa kukatikia

Kila video ya kuanguka kwa darubini ya redio ya Arecibo, ile mitambo ya kunasa mawimbi ya redio kutoka anga za mbali, inapozunguka tena kwenye simu zetu, lazima atokee wa kusema, "Walizidisha mzigo, ukapita kikomo." Nimevumilia, leo nimechoka.

Kwa haraka: kikomo salama cha mzigo ni uzito wa juu kabisa ambao mhandisi yuko tayari kuubebesha muundo. Nguvu ya kukatika ni kitu kingine, na iko juu zaidi. Ukigawanya nguvu ya kukatika kwa mzigo uliopo, unapata uwiano wa usalama.

Sasa neno lenyewe. Kikomo kimetokana na koma, kitenzi kile kile cha mama anayemfokea mtoto "ukome!" Anayekoma ni mtu. Chuma hakijui kukoma, kinakatika tu. Kibao cha lifti kikiandikwa "watu 8, kilo 630", maana yake ninyi mkome hapo. Hakisemi kwamba wa tisa akikanyaga ndani mnaporomoka. Kwa kanuni za Ulaya, lifti ya kamba 3 au zaidi hutakiwa kamba zake ziweze kubeba walau mara 12 ya mzigo wake. Kengele inawalilia zamani kabla kamba haijahisi chochote.

Tena tuna jozi nzuri ambayo tunaichanganya hovyo: himili na stahimili. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa Kiarabu wa kubeba, ule ule uliotupa hamali. Lakini sikio langu linasikia tofauti. Hamali ahimilipo gunia, amelinyanyua. Kustahimili ni kukaa nalo begani mpaka jioni. Wahandisi hupima la kwanza kwa urahisi. La pili ndilo lililoiua Arecibo.

Kule Puerto Rico, jukwaa la vifaa vya kupokea mawimbi, la tani 900 hivi, lilining'inia kwa kamba za chuma kutoka minara 3, juu ya sinia la kuakisi mawimbi hayo, lenye kipenyo cha mita 305. Darubini ilifunguliwa 1963. Katika miaka ya 1990 iliongezewa vifaa, na kamba za ziada zikafungwa kubeba nyongeza hiyo. Uwiano wa usalama ulikuwa karibu 2, mdogo ukiulinganisha na wa lifti, lakini jukwaa halipandwi na abiria wasiojulikana: uzito wake unajulikana.

Ncha ya kila kamba ilichanuliwa nyuzi zake kama ufagio, ikaingizwa kwenye kikombe cha chuma, kisha ikamiminiwa zinki iliyoyeyushwa. Zinki ikivutwa miaka mingi hulegea polepole. Baada ya Kimbunga Maria cha 2017, baadhi ya kamba zilionekana zimeanza kuchomoka kwenye vikombe. Agosti 10, 2020, kamba moja ya ziada ilichomoka kabisa. Mzigo wake ukahamia kwa jirani zake, na Novemba 6 kamba kuu ikakatika ikiwa imebeba takriban asilimia 60 tu ya nguvu iliyodhaniwa inayo. Rudia kusoma hiyo asilimia.

Hapo ndipo hesabu ilipokufa. Ukijua mzigo lakini huamini tena nguvu, huna cha kugawanya. Kuzipima kamba zilizobaki kungetaka watu wapande juu yake, na hakuna aliyethubutu kuwatuma. Novemba 19 ikatangazwa kwamba darubini itabomolewa. Desemba 1, ndege isiyo na rubani ikiwa inazikagua kamba za mnara mmoja, nyuzi zikaachia na jukwaa likashuka lenyewe.

Mzigo, basi, haukuwa umezidishwa. Tani za jukwaa zilikuwa zile zile za miaka mingi. Anayesema "ilizidiwa" simgombezi, anakaribia. Ningemwomba tu aseme haikustahimili.