Kofia ya Sherlock Holmes

Tukimtaja Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, wengi humwona akikatiza mitaa ya London amevaa kofia ya kiwindaji, kiko kilichopinda kikiwa mdomoni. Mtunzi wake, Arthur Conan Doyle, hakumwandika hivyo. Kofia ya kitambaa aliitaja, hata moja yenye vifuniko vya masikio, lakini ni ya safari za treni kwenda mashambani. Sidney Paget, mchoraji wa picha za hadithi hizo, ndiye aliyeigeuza kuwa ya kiwindaji mwaka 1891. Kiko kilichopinda kilienezwa na mwigizaji wa Marekani, William Gillette, jukwaani kuanzia 1899.

Ndiyo maana naupenda sana mfululizo wa Sherlock Holmes wa Granada, kampuni ya televisheni ya Uingereza, vipindi 41 vya kati ya 1984 na 1994. Waliijenga Baker Street yao, mtaa anakoishi Holmes, mjini Manchester, wakaiga michoro ya Paget, na Jeremy Brett, aliyemwigiza Holmes, akazisoma hadithi zenyewe kwa bidii ya mwanafunzi. Mjini, Holmes wake huvaa suti nyeusi na kofia ndefu ya kiungwana, kama bwana yeyote wa London wa enzi ile. Ile ya kiwindaji huonekana kwa nadra, akiwa mashambani.