Kuku Kajikunyata Kiotani: Anaatamia au Anaumwa?

Zikisikika habari za mafua ya ndege, simu kwa maafisa mifugo haziishi, na nyingi zina maneno yale yale: kuku hali chakula, hatoki kiotani, upanga wa kichwani umepauka, ukimsogelea anavimbisha manyoya na kuguna. Kwa kawaida huyo haumwi, ameanza kuatamia. Kinachotutia wasiwasi zaidi sisi wa huduma za mifugo ni kinyume chake: kuku anayeumwa kweli kuachwa siku tatu kwa kudhaniwa analalia mayai.

Hofu yenyewe ina msingi. Januari 2017 Uganda ilithibitisha kirusi cha mafua ya ndege aina ya H5N8 kwa ndege pori waliokufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe, na pia kwa ndege wa kufugwa Masaka. Mwaka huohuo kikaonekana Ituri, mashariki mwa Kongo. Ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hushuka kwenye maziwa na mabwawa yetu kuanzia Septemba hivi, wakaondoka kufikia Aprili. Daraja kati yao na banda lako ni bata. Anaogelea nao mchana, anaweza kubeba virusi bila kuonyesha dalili yoyote, na jioni anarudi kulala na kuku.

Sasa mtazame kuku wako. Kama hakuna ndege mwingine aliyekufa nyumbani, mwinue kiotani umweke chini karibu na maji. Anayeatamia atabaki amekaa kidogo kama aliyepigwa na bumbuwazi, kisha atajikung'uta, anywe, ale kwa pupa, aoge vumbi na kurudi mbio kwenye mayai. Kabla ya kurudi huangusha bonge moja kubwa la kinyesi lenye harufu kali kuliko kawaida, kwa kuwa alikuwa amekibana tangu jana. Hilo bonge huwashtua wengi, lakini ni dalili njema. Mgonjwa hufanya tofauti: anabaki amejikunyata, macho kayafumba, mkia umelegea, kinyesi ni majimaji ya kijani yaliyoganda kwenye manyoya ya nyuma. Angalia pia kichwa. Upanga wa anayeatamia hupauka na kusinyaa, ilhali wa mwenye mafua makali ya ndege huvimba na kugeuka zambarau, na miguuni, chini ya magamba, huweza kuonekana madoa mekundu ya damu. Tena mafua haya hayampigi kuku mmoja akajikalia kimya wiki nzima. Wengi huugua pamoja, wengine wanakufa usiku mmoja bila hata kuonekana wamezubaa.

Kideri nacho, ambacho wengine wanakiita mdondo, huleta dalili hizo hizo, na hakuna mtu anayeweza kuvitofautisha kwa macho. Hiyo ni kazi ya maabara. Ndiyo maana tunasisitiza chanjo ya kideri ya I-2, tone moja kwenye jicho moja kila baada ya miezi mitatu. Haizuii mafua ya ndege, lakini kuku waliochanjwa sawasawa wakianza kufa kwa wingi, mtaalamu anajua mapema kwamba jambo si la kawaida.

Koo anayejificha kichakani kando ya bwawa asiachwe huko. Mhamishe usiku kukiwa giza, pamoja na mayai yake. Ukimhamisha mchana atarudi alikotoka. Kiota kiwe sanduku la sentimita 35 hadi 40 kila upande, chini weka udongo mkavu uliobonyea katikati, juu yake nyasi kavu, na konzi ya majivu yaliyopoa. Majivu hayo si mapambo. Utitiri na viroboto wakizidi, kuku hushindwa kutulia, anasimama kila mara, mayai yanapoa na kuishia kuwa viza. Banda liwe na paa lisilopitisha kinyesi cha ndege pori, na wavu wenye matundu ambayo shomoro hapiti.

Mpe mayai 10 hadi 12, ya nyumbani kwako, yasiyozidi siku saba tangu yatagwe. Yenye uchafu yaache, wala usiyaoshe, maana maji huingiza vijidudu ndani kupitia vitundu vya ganda. Wakati wa tahadhari usinunue mayai ya kutotolesha sokoni wala kuomba kwa jirani, kwa sababu kuku mwenye mafua anaweza kutaga yai lenye virusi ndani na juu ya ganda. Maji na mtama au mahindi yaliyoparazwa yawe hatua moja tu kutoka kiotani, ili dakika zake 15 hadi 30 za kutoka kila siku azimalizie ndani ya banda. Siku ya saba mulika mayai gizani kwa tochi ya simu: lenye mishipa kama utando wa buibui lina uhai, linalopitisha mwanga tupu halikurutubishwa, lenye pete ya damu limekufa. Yaliyokufa yafukie, usimtupie mbwa. Vifaranga hutoka siku ya 21, na ikifika siku ya 24 kimya, ondoa yote.

Kama mlipuko umethibitishwa eneo lenu, ushauri wetu ni kutomwekea mayai kabisa, kwani vifaranga wapya na mama yao ni vigumu kuwafungia. Mkatishe kuatamia. Kumzamisha kwenye maji au kumchomeka unyoya puani ni kumtesa tu. Mweke ndani ya tenga lililoinuliwa juu ya matofali, lisilo na nyasi, penye mwanga na upepo unaopita chini ya tumbo lake, pamoja na chakula na maji. Siku tatu hadi nne humtosha. Ukimtoa akirudi kiotani, mrudishe tengani siku mbili zaidi.

Vifo vikianza, lile la "tuwahi kisu kabla hajafa" ndilo la hatari kuliko yote. Binadamu huambukizwa zaidi anapochinja, kunyonyoa na kutoa matumbo ya ndege mgonjwa. Usimchinje, usimuuze, usimpelekee shangazi. Fungia waliobaki, funika mizoga mbwa wasiifikie, na umpigie afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo wa kaunti ndogo kabla ya kufukia, maana sampuli huchukuliwa hapo. Viatu na vyombo osha kwanza kwa sabuni, kwa kuwa kinyesi huua nguvu ya dawa. Kisha tumia klorini ya dukani ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, na uchanganye mpya kila siku.

Ukipata homa na kikohozi ndani ya siku 10 baada ya kushika kuku hao, mwambie mhudumu wa afya habari za kuku bila kusubiri akuulize. Asipojua hilo, huenda akapima malaria na kuishia hapo.