Kukoroma si Kushiba Usingizi: Dhana Potofu Kuhusu Pumzi

Saa nane usiku pale Malaba, malori yamejipanga mpaka huoni mwisho wa foleni, na ukipita katikati yake unasikia madereva wakikoroma kebini kwa sauti inayoshindana na jenereta. Niliwahi kulala humo usiku mmoja, nikimsindikiza mjomba wangu, dereva wa masafa marefu. Taniboi wake alikuwa anamsifia: "Mzee akilala, analala kweli." Mimi usingizi haukuja, nikabaki nasikiliza. Mkoromo ulipanda, ukapanda, ukakatika ghafla. Kimya. Nikaanza kuhesabu. Nilipofika kumi na nane alishtuka kama mtu aliyetolewa majini, akameza mate, akaanza upya. Asubuhi aliamka kichwa kinamgonga, akanywa chai ya rangi vikombe viwili, na kabla hatujafika Bugiri macho yalikuwa yanafumba huku mikono iko kwenye usukani.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikiliza watu wanavyoongelea pumzi, kwenye stendi za Kampala, kwenye vibanda vya chai, hata misibani. Mengi yanayosemwa yana kosa moja: tunaamini pumzi nzuri ni ile kubwa, yenye kelele.

"Anakoroma, basi ameshiba usingizi."

Mkoromo ni sauti ya njia iliyobanwa. Tukilala, misuli ya ulimi na koo hulegea. Njia ikiwa nyembamba, hewa inapita kwa shida na nyama laini za koo zinatetema. Lugha yetu imeweka kukoroma na koromeo karibu karibu, na hapo haikukosea.

Kukoroma kidogo siku ya mafua au ya uchovu hakuna neno. Cha kuogopa ni ule ukimya wa katikati. Njia ikiziba kabisa, kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haiingii. Madaktari huhesabu kila pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mtu ambaye pumzi inamkatika au kupungua sana mara 5 au zaidi kwa saa ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, na walio na hali kali hufikisha 30 kwenda juu. Kila mara oksijeni inashuka, ubongo unamgutusha kidogo ili koo lifunguke, kisha analala tena bila kukumbuka chochote. Atakuambia amelala saa nane nzima, kumbe usiku kucha alikuwa anaokolewa.

Mchana ndipo deni linapodaiwa: kichwa asubuhi, mdomo mkavu, kusinzia kwenye mkutano au, vibaya zaidi, barabarani. Wengine huamka mara kwa mara kwenda haja ndogo na kudhani ni kibofu tu. Wengine wana presha iliyokataa kushuka pamoja na vidonge, na hakuna aliyewahi kuwauliza wanalalaje.

Unene huchangia, hasa shingo nene. Kwa mwanamume, shingo inayozidi sentimita 43 ni ya kuangaliwa, kwa mwanamke 41. Lakini wembamba nao hawajasalimika, hasa wenye taya dogo, na watoto wenye mafindofindo makubwa hukoroma kwa sababu hiyo. Kisha kuna waragi. Watu hunywa glasi moja "ili usingizi uje", na kweli unakuja, ila pombe inalegeza koo lilelile lililokuwa limeshalegea.

Kulala ubavu husaidia wengi, kwa sababu ukilala chali ulimi unaangukia nyuma. Mke wa mjomba alichukua kile kimpira cha majani ya mgomba wanachochezea watoto, akakishonea mgongoni mwa fulana yake ya kulalia. Akigeuka chali, kinamchoma. Tulicheka, lakini fulana ilifanya kazi kuliko ushauri wote niliompa. Kwa hali kali kuna mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha puani ili koo lisizibe. Aliibuni Colin Sullivan huko Australia na kuitangaza mwaka 1981. Hiyo unaandikiwa na daktari baada ya kupimwa.

"Vuta pumzi kubwa uongeze oksijeni."

Kile kidude cha kubana kidoleni, kinachopima oksijeni kwenye damu, tulikizoea wakati wa korona. Mtu mwenye afya akikivaa, kwa kawaida kinaonyesha asilimia 95 kwenda juu. Damu yake imeshajaa, kwa hiyo kuvuta kwa nguvu hakuongezi kitu cha maana. Kinachotokea ni kwamba anamwaga hewa ya ukaa kupita kiasi, nayo si takataka tupu kama tulivyofundishwa shuleni. Ndiyo inayoupa ubongo habari kwamba ni wakati wa kupumua, na ndiyo inayosaidia damu kuiachilia oksijeni inapofika kwenye misuli na viungo. Christian Bohr wa Denmark alilionyesha hilo mwaka 1904. Ikipungua mno, mishipa ya ubongo inajibana. Unapata kizunguzungu, ganzi vidoleni, midomo inawasha.

Nimeliona hili kwa jirani aliyepigiwa simu ya msiba. Alianza kuhema haraka haraka, vidole vikajikunja, na watu kumi wakamzunguka wakipiga kelele, "Vuta! Vuta hewa!" Alikuwa ameshavuta ya kutosha. Mama mmoja mzee ndiye aliyekaa naye chini, akamshika mkono, akawa anamwambia, "Toa, mwanangu. Toa polepole." Dakika chache vidole vikanyooka.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Ukishuka hadi mara 6 hivi kwa muda mfupi kabla ya kulala, mwili unaelewa kwamba hatari imepita, kwa sababu mapigo ya moyo hupungua kila unapotoa pumzi. Namna yenyewe ni rahisi: lala au kaa, weka mkono tumboni, funga mdomo. Vuta kwa pua huku ukihesabu hadi nne, tumbo linyanyue mkono, kifua kitulie. Toa kwa hesabu ya sita. Fanya dakika tano. Ukihisi kizunguzungu, unavuta nyingi mno, punguza. Haiponyi presha na haichukui nafasi ya vidonge. Inakutuliza tu, na si bure kwamba kupumzika kumetoka kwenye neno pumzi.

"Pua au mdomo, hewa ni ileile."

Hewa ni ileile, ila inafika mapafuni ikiwa tofauti. Pua inaipasha joto, inaitia unyevu, inanasa vumbi, na mashimo ya mifupa yaliyo kando yake hutengeneza naitriki oksaidi, gesi inayofungua mishipa ya mapafu. Mdomo haufanyi kazi hizo. Anayelala mdomo wazi huamka koo limekauka, na meno yake yanakosa mate ya kuyalinda.

Hata hivyo, pua isipewe sifa isiyo yake. Vumbi la barabara za Kampala linanaswa, lakini chembe ndogo kabisa za moshi wa magari, boda boda na takataka zinazochomwa hupita hadi ndani ya mapafu. Mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umetundika vipimo mjini, vingine juu ya boda boda zenyewe, na vinaonyesha hewa chafu mara kadhaa kuliko kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Na ule mtindo wa kujibandika plasta mdomoni usiku, unaozunguka kwenye simu, uachane nao. Mwenye pua iliyoziba, au ambaye pumzi humkatika, anajifungia mlango uliobaki. Afadhali uisafishe pua kwa maji ya chumvi. Maji yawe yamechemshwa, yakapoa.

"Makaa yakishakuwa mekundu, moshi umekwisha, ingiza sigiri ndani."

Hili naliweka peke yake kwa sababu linaua. Kabale, ambako usiku baridi inakata, na hata mjini msimu wa mvua, watu hulala na sigiri chumbani, mlango umefungwa. Wanaamini hatari ni moshi. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata chembe bado yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu, anadhani ni uchovu, anajilaza. Haamki. Sigiri ibaki nje, ndani ongezeni blanketi.

"Funga madirisha, baridi italeta nimonia."

Nimonia huletwa na vijidudu, siyo upepo. Chumba kilichofungwa watu sita wakilala ndani ndicho kinachosaidia kifua kikuu kuhama kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mbu wakikusumbua, jibu ni chandarua chenye dawa na wavu dirishani. Na kikohozi kikimaliza wiki mbili, nenda ukapimwe.

"Jini alinikalia kifuani."

Ulizinduka, unaona chumba, unataka kupiga kelele, mwili haukubali, na kuna uzito kifuani. Jinamizi. Tunapoota, ubongo huzima misuli ili tusiinuke tukatenda ndoto. Mara nyingine akili inatangulia kuamka na misuli inachelewa. Misuli ya mbavu nayo imezimwa, ndiyo maana unahisi huwezi kujaza kifua. Lakini kiwambo kilicho chini ya mapafu kinaendelea na kazi yake, na hewa inaingia. Linapita kwa sekunde au dakika chache. Hupenda wanaolala chali na wasiolala vya kutosha, kama walinzi wa zamu na madereva. Anayetaka kuomba dua aombe, kisha alale ubavu.

Ukienda kituo cha afya kwa habari ya usingizi, usiseme tu "silali vizuri", maana utarudi na Panadol. Nenda na anayelala karibu yako, au mwombe akurekodi kwa simu dakika kumi. Mjomba alimpelekea daktari rekodi ya taniboi, ikasikilizwa mara mbili, akapimwa presha palepale, ikakutwa juu. Sasa anakunywa vidonge vyake, waragi ameacha, fulana ya kimpira inasafiri naye. Mwezi uliopita taniboi alinipigia kutoka Malaba, usiku wa manane, ananong'ona: "Nimehesabu. Leo haijapita sita."