Maswali na Majibu: Kigiriki Kilichomo Kwenye Majibu Yako ya Vipimo

Kwa nini majina ya maradhi yamejaa Kigiriki?

Kwa sababu maandishi ya tiba yaliyosomwa kwa karne nyingi Ulaya na Mashariki ya Kati yalitungwa kwa lugha hiyo. Yale yanayonasibishwa na Hippocrates, tabibu wa kisiwa cha Kos huko Ugiriki, aliyezaliwa mnamo 460 KK, ni ya Kigiriki. Hata Galen, aliyekuwa tabibu mjini Roma katika karne ya 2 BK, aliandika Kigiriki. Kilatini nacho kipo, hasa kwenye majina ya viungo.

Nikikutana na jina refu nisilolijua, nianzie wapi?

Likate vipande. Mara nyingi mwanzo hutaja kiungo: *kardio* ni moyo, *hepato* ni ini, *nefro* ni figo, *osteo* ni mfupa. Mwisho husema kilichokipata: *-aljia* ni maumivu, *-emia* ni hali ya damu, *-itisi* ni kuvimba kwa kiungo, mara nyingi pamoja na joto na maumivu. Hapo kwenye *-itisi* wengi huteleza, wakadhani lazima pana vijidudu na wakadai antibayotiki. Zamani kiambishi hicho kilimaanisha "wa" tu: athritisi ulikuwa ugonjwa "wa viungo", yaani wa maungio ya mifupa. Athritisi nyingi hazisababishwi na vijidudu, na antibayotiki haizisaidii.

Vipo vipande ambavyo kuvichanganya ni hatari?

Vipo. *Haipo-* ni chini, *haipa-* ni juu, na vikitamkwa haraka sikio halivitofautishi. Haipoglisemia ni sukari kushuka. Kwa mgonjwa wa kisukari huhesabiwa hivyo ikiwa chini ya 70 mg/dL, yaani 3.9 mmol/L. Hutoka jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na akiwa anaweza kumeza anahitaji kitu cha sukari papo hapo. Haipaglisemia ni sukari kupanda, na sukari zaidi humdhuru. Kwa hiyo usiridhike na jina, uliza, "Imepanda au imeshuka?" Kipimo kisipokuwepo na dalili hizo zipo, mhudumie kama aliyeshuka. Akipoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Na kwenye fomu ya ridhaa ya upasuaji?

Hapa ningependa kila mtu asome polepole. *-tomia* ni kupasua, *-stomia* ni kufungua tundu, *-ektomia* ni kukata na kutoa kabisa. Chukua mwanamke mwenye faibroidi. Miomektomia ni kutoa uvimbe na kukiacha kizazi. Histerektomia ni kutoa kizazi chenyewe, na baada yake hawezi tena kubeba mimba. Maneno yote mawili ni marefu, yote yanaishia sawa, na mwenye maumivu anaweza kutia sahihi bila kuona tofauti. Ana haki ya kuuliza, "Mnatoa nini, na kinabaki nini?", na kujibiwa kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla hajashika kalamu.

Je, jina husema kweli daima kuhusu ugonjwa?

Hapana. Mengine yanaeleza tu kilichoonekana kwa macho. *Karkinos*, ugonjwa tunaouita saratani, ni kaa, kwa sababu mishipa iliyovimba kuzunguka uvimbe ilifanana na miguu yake. Na saratani, neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo ni kaa. Mengine yamebeba makosa. Wapo Wagiriki walioamini kuwa ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, hupitisha hewa, kwa kuwa kwenye maiti huwa tupu, mpaka Galen alipoonyesha kuwa ndani yake mna damu. Kosa lililoumiza zaidi ni la histeria. Jina hilo linatokana na *hystera*, kizazi, kilekile cha kwenye histerektomia. Kwa karne nyingi mwanamke aliyelalamika kubanwa pumzi, kifafa au huzuni aliambiwa chanzo ni kizazi chake, na ugonjwa wake halisi ukaachwa bila kutafutwa. Mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipoliondoa jina hilo kwenye mwongozo wao wa kutambua maradhi.